Hatua ya Tatu

Vua buti za mvua mlangoni; Todmorden haijakauka tangu Jumapili.
Vaa vile vyeusi vya soli ya ngozi, vinavyoteleza.
Bwana Horsfall ameshanyunyiza poda sakafuni,
amefunua kinanda cha kanisa, anapuliza vidole
kama apulizaye uji.

Usiku huu mimi ndiye mwanamume.
Wanaume wamebaki wawili, na mmoja ana goti la chuma.
"Wewe mrefu, utanifaa," alisema Enid Garside siku ya kwanza,
akanipa mkono wake wa kushoto, mkavu, mwepesi,
mkono ninaouosha mimi kila asubuhi,
kwa zamu, kwa mshahara, kidole baada ya kidole.
Hapa hauoshwi. Hapa unatoa amri.

Simameni ubavu kwa ubavu, mkitazama mnakokwenda.
Mikono ya ndani ishikane.
Mwanamume huanza na mguu wa kushoto.
Moja: nenda. Mbili: fuata. Tatu: funga.
Mnafunguka kidogo, kama milango ya kabati,
halafu mnarudiana, uso kwa uso.
Sasa pembeni, buruta, funga.
Pembeni, buruta, funga.
Mguu usiinuke. Upite kama mtu anayepita
karibu na mtoto aliyelala baada ya kulia sana.

Mwanzoni nilihesabu kwa Kiingereza, nikapotea.
"Hesabu kwa kwenu," akasema.
Nikahesabu: mo-ja, mbi-li, ta-tu,
mdomo ukikimbia mara sita, miguu mara tatu,
na ajabu, vikafika pamoja.
Enid kainamisha kichwa, anasikiliza.
"Mbona kila ukifika mwisho unajiita?"

Nikamweleza. Pangani, nyumba ya bati,
Mosi, kisha Pili, kisha mimi.
Mosi akapata shule. Pili akapata cherehani.
Mimi nikapata jina.

Hakunionea huruma. Alisema:
"Moja ni kuanguka tu, hata mlevi anaiweza.
Wilf wangu, miaka arobaini, alikuwa anaimeza tatu.
Nilicheza miaka arobaini na mtu asiyefunga miguu."

Badilisheni mikono. Rudini mlikotoka, yote kinyume.
Kisha mshike vizuri: kiganja chini ya bega lake,
si kiunoni ("mimi si gunia la viazi").
Zungukeni vipimo viwili,
pembeni mara mbili,
zungukeni vinne, mkilikwepa jiko la gesi
na Bi Perveen, ambaye hajawahi kumkwepa mtu.
Jumla kumi na sita. Halafu mnaanza upya,
kama kwamba hamkujifunza kitu.

Hiki hakimo katika maelekezo yao:
Enid akichoka hasemi. Kidole gumba chake
kinabonyeza mgongo wa mkono wangu, mara moja.
Hapo fupisha hatua.
Usifupishe hesabu.

Usiku huu amesema atahesabu yeye, kwa sauti,
kwa kwetu, ukumbi mzima umfuate.
"Moja," wanasema. "Umbili," wanasema,
wakiipa hiyo mbili irabu ya bure,
Bwana Horsfall akicheka huku akipiga,
na goti la chuma, na Bi Perveen, na mke wa mchinja nyama,
wote wanavuta pumzi na kuniita,
bila kujua wananiita,
na miguu kumi na sita inakutana sakafuni
kwa sauti ndogo, kama mtu aliyefunga kitabu.

Naitika kimoyomoyo, kila mara.

Kidole gumba kimebonyeza. Nafupisha.
Basi la mwisho ni saa nne kasorobo.
Bado vipimo vinne.